Nyasi Zikiisha

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nani anishangaze, na kwa lipi? Nimeanza na mkokoteni wa kubebea chumvi, leo nina malori matatu barabarani na nyumba ya matofali Makorora. Nimelala porini na gari bovu, simba wakinusa matairi. Nimeibiwa na wakili mwenye tai, nikamkalia mlangoni mpaka akazitapika hela zangu zote. Shule nilikwenda kidogo tu, kiasi cha kusoma vibao vya njiani na kukagua hesabu za watu waliosoma kunizidi, na mpaka leo hakuna karani aliyenichezea. Kwa hiyo mtu akija akaniambia, "Mzee Athumani, kaa kwanza, nina jambo la kukushtua," mie hucheka. Lete, namwambia. Lete tulione.

Lakini siku tuliyomzika baba, niliposhuka garini kule makaburini, upepo uliniletea harufu ya nyasi mbichi zilizofyekwa saa ile ile. Nikasimama. Jitu zima, kanzu imenyooka, watu wananisubiri mbele ya jeneza. Wenzangu walidhani ni uchungu wa msiba. Uchungu ulikuwapo, sikatai. Ila harufu ile ilinirudisha kwenye umri wa miaka saba, nimejibanza nyuma ya ua wa michongoma, roho mkononi, natazama nyasi zikipungua. Nyie wa rika langu mtanielewa. Mlikuwa watoto pamoja nami, Mwingereza akiwa bado anatutawala.

Tulikaa Tanga, mahali palipoitwa Kwa Wasomi. Jina hilo walilitoa watu wa Chumbageni, kwa kijembe kidogo. Palikuwa na chuo kando ya Mto Mkulumuzi, walikosomeshwa vijana kutoka kila pembe ya nchi, na walimu wao Wazungu walijengewa huko huko, kila mmoja na nyumba yake na bustani yake, kwenye mteremko unaoshuka mpaka majini. Mijohoro ilipandwa pande mbili za kila njia hata matawi yakakutana juu. Mchana wa jua kali ungetembea kivulini toka lango la chuo mpaka mtoni. Mikrismasi ikichanua, ardhi yote nyekundu. Tumbili walikaa juu ya mikungu wakiwatupia kokwa wanafunzi waliokuwa wakikariri masomo yao kwa sauti. Na chini kabisa, penye matope na mbu, ndipo zilipokuwa kota za watumishi. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho. Ukipiga chafya, mto unakusikia.

Baba, jina lake Mhando, alikuwa mnyapara wa bustani. Usicheke. Mnyapara wa bustani Kwa Wasomi alikuwa mtu. Wapishi walimwamkia, madobi walimwamkia, wanafunzi wenye viatu walimpisha njia. Alikuwa Mzigua, mrefu, wa maneno machache, na kofia yake ya kiua hakuivua mbele ya mtu, hata mbele yangu. Mie nilijua duniani kuna Mungu, kuna Bwana Mkubwa wa chuo, halafu kuna baba. Na kati ya wale wawili wa mwisho sikuwa na hakika sana nani yuko juu. Mama alikuwa Mdigo, mcheshi, mwenye haraka ya mikono na ya ulimi.

Ndiyo maana nilichokiona mchana ule kilinivunja. Tulikuwa tumekaa mkekani mlangoni, baba na mie, mbele yetu wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga. Akatokea mtu mgeni, mfupi, mabega kama kabati, fyekeo begani. Hakubisha hodi, hakutoa salamu. Alimtazama baba juu mpaka chini.

"Weye ndiye mnyapara? Wananiambia ni Mzigua."

"Mzigua. Na weye, kwa sura hiyo?"

"Mnyamwezi. Naitwa Mahona. Nimetoka kwenye mkonge, huko njia ya Maramba."

"Nilijua tu," baba akasema. "Mbwa wanabweka tangu asubuhi."

Yule mtu akakaa. Akaivuta sinia. Akamchukua changu wetu, mzima, akaanza kumla kuanzia kichwani.

"Nani kakuruhusu kula, mtumwa wangu wee?" akamwuliza baba.

"Kula," baba akasema. "Kula unenepe. Bustani hii inataka mbolea, nami natafuta wa kumfukia."

Hakucheka wakati anasema. Baba hakuwa mtu wa kuonyesha meno. Nilisubiri amzabe kofi yule mtu. Hakumzaba. Nilisubiri amfukuze. Alimsogezea maji ya kunawa. Ndipo Mahona akaninyooshea mwiba wa samaki.

"Na hiki kitoto? Ndicho nilicholipia?"

"Ndicho."

"Shilingi saba na sumuni kwa mifupa hii? Umenipunja, Mzigua."

"Hela nimekwisha kula. Kichukue ukitaka."

Mahona akanishika mkono juu ya kiwiko, akauminya, kama mama anavyominya papai sokoni.

"Ngoja nimalize kwanza kazi niliyoletewa," akasema. "Nyasi zikiisha, nakichukua. Nakipeleka Tabora kikachunge ng'ombe wangu."

Nyie mmekwisha kuelewa. Mzigua na Mnyamwezi ni watani toka enzi za mababu. Atakutukana, atakunyang'anya, atakuzika ungali hai, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Lakini mimi nilizaliwa kota, katikati ya wajomba wa Kidigo na wapishi wa Kibondei. Mnyamwezi sikuwahi kumwona. Utani kwangu ulikuwa mzaha wa watoto, wenye kucheka ndani yake, na pale hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenikalisha kitako akaniambia.

Nilimwendea mama. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mama, mtu anauzwa?"

"Zamani waliuzwa. Bibi yake bibi yangu aliuzwa hapo Pangani, kwa doti ya kaniki."

"Aliuzwa na nani?"

"Na mjomba wake. Ndugu ndio waliouza, mwanangu. Mgeni angekujulia wapi?"

"Na baba mtu, anaweza kuuza?"

"Njaa ikimbana. Ondoka hapo, unanikingia mwanga."

Akaendelea kukuna nazi, kru, kru, kru. Nikarudi nje nikahesabu kwa akili yangu: baba alikuwa amemwachia mtu samaki wake. Mtu humwachia samaki wake nani, kama si yule aliyemlia hela zake?

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa nyasi. Mahona alianzia juu, nyumbani kwa Bwana Mkubwa, akawa anashuka bustani hadi bustani. Alifanya kazi vizuri mno, na hilo ndilo lililoniumiza. Fyekeo lilikwenda fyaa, fyaa, bila kupumzika, na kila lilipopita liliacha ile harufu, tamu kidogo, chungu kidogo, kama tango lililokatwa. Asubuhi niliamka naivuta hewa puani. Harufu ikiwa mbali, nilikula. Ikiwa karibu, chakula kilinikwama. Halafu nikapata akili nyingine: nisile kabisa, nikonde, anikatae. Mama akasema nina minyoo, akanichemshia mwarobaini. Nikaunywa. Sikusema neno, maana ningemwambia nani? Baba?

Jioni Mahona akipita kota, huniminya mkono. "Zimebaki chache, mali yangu." Na baba kutoka ndani humjibu: "Harakisha, kinanimalizia unga."

Masika yalipofika, nadhani mimi peke yangu Tanga nzima niliyefurahi. Mto ulijaa, ukala kingo, ukabeba migomba. Mama analia nguo hazikauki. Mie nacheka peke yangu, maana nyasi zilikuwa zinarudi, za kiuno, za kijani, kuanzia kule juu kabisa. Mahona akaanza upya. Nikala mpaka nikanona. Kisha mvua zikakatika, jua likakaza, nyasi zikaacha kuota, na fyekeo likateremka tena, safari hii bila kizuizi.

Wakati huo alikuwa amehamia Mzungu mpya katika nyumba ya chini, inayopakana na kota. Kijana bado, pua imebabuka kwa jua. Alikuja kusomesha, lakini shauku yake hasa ilikuwa Kiswahili. Alimsimamisha kila mtu amuulize neno hili linatokana na nini. Madobi wakamwita Bwana Sarufi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Alichokikosa ni kujua wakati gani tunasema tusichomaanisha. Tulikuwa wawili wa namna hiyo pale mtoni, yeye na mimi, na hatukujuana.

Likabaki pande moja tu la nyasi, kati ya baraza yake na mto. Asubuhi ile harufu iliingia mpaka ndani ya chandarua. Nilitoka bila kunawa uso. Mahona alikuwa ameegemeza fyekeo kwenye mjohoro, ameshuka kunywa maji. Nililibeba kwa mikono miwili, zito, mpini una joto la jasho lake, nikaenda mpaka ukingoni nikalitupa. Lilizama mara moja. Nikajibanza kwenye michongoma.

Mahona alirudi, akazunguka mti, akainama, akaangalia juu kama vile fyekeo limepanda. Kisha akapaza sauti.

"Mhando! Mzigua mwizi! Umeniibia fyekeo ili nyasi zisiishe?"

Baba alikuwa juu ya ngazi anapogoa maua. "Kafyeke kwa meno, unayo makubwa!"

"Leo nakuua! Nakuua, nakuzika hapa hapa mtoni, na mtoto wako namuuza Tabora leo leo!"

"Muuze, nusu yangu uniletee!"

Dirisha la Bwana Sarufi likafunguka. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa. Kila neno alikuwa amelielewa.

Sijui alikimbia vipi kwa Bwana Mkubwa na kwa polisi, lakini kabla jua halijapanda sana tulikuwa tumesimama mbele ya baraza ya Bwana Mkubwa: baba, Mahona, mimi katikati, na askari wa kaptura ya kaki na soksi ndefu aliyekuja kwa baisikeli kutoka mjini. Mwanzoni baba na Mahona walitaka kucheka. Wakaangalia nyuso zilizo juu ya baraza. Hawakucheka. Bwana Sarufi alichuchumaa mbele yangu, akasema polepole:

"Ewe mtoto, usiogope. Je, mtu huyu ametamka kwamba atakuuza?"

Mie nilikuwa nimekaa na jambo hilo kifuani kiangazi na masika. Lilitoka lenyewe.

"Ndiyo. Ameninunua shilingi saba na sumuni. Baba kesha kula hela."

Bwana Mkubwa aliondoa kiko mdomoni. Nilidhani watamkamata Mahona waniachie baba yangu. Hilo ndilo nililolitaka. Lakini askari alishuka ngazi akamshika Mahona mkono huu, akamshika baba mkono huu.

"Muuzaji na mnunuzi," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Baba akienda, kota inakwenda. Mama na mimi tungelala wapi? Nilimtazama baba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mtu yule akitafuta neno na kulikosa. Mahona jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Angesema nini? Maneno yote alikuwa ameyasema kweli, na shahidi alikuwa mimi.

"Bwana Mkubwa," baba akasema hatimaye, "huyu ni mtani wangu."

"Mtani ni nini?"

Wewe mwenyewe jaribu kumweleza mtu jambo hilo ukiwa umeshikwa na askari.

Askari ndiye aliyelegeza mkono kwanza. "Kabila gani wewe?"

"Mzigua."

"Na wewe?"

"Mnyamwezi, afande."

Masharubu ya askari yakacheza. Akawaachia wote wawili, akapiga saluti. "Bwana, hapa hapana kesi."

"Lakini amesema atamuua!" Bwana Sarufi akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu. Amesema leo leo!"

"Bwana Mkubwa," baba akasema, "nina ruhusa?" Akapewa ruhusa kwa kichwa. Akamgeukia Mahona. "Lete shati."

Mahona alikuwa na shati la drili, jipya, la kwanza kununua tangu atoke kwenye mkonge. Sote tulijua, maana alilitembeza kota nzima. Alifungua vifungo kimoja kimoja, akalivua, akampa. Hakuuliza kwa nini. Baba akalivaa juu ya lake, likambana mpaka mikono ikasimama kama ya sanamu la kutishia ndege.

"Basi na mimi nataka changu," Mahona akasema, kifua wazi. Akanyoosha mkono juu, akaivua kofia ya baba, akaivaa.

Baba alikuwa na upara. Miaka saba nimekaa na mtu huyu nyumba moja, sikujua. Mkubwa, unang'aa, na kovu katikati. Wapishi waliokuwa wamejazana pembeni wakaangua kicheko, askari akageuka kutazama baisikeli yake, Bwana Mkubwa mwenyewe kiko kikamponyoka. Na baba alisimama pale kichwa wazi, mbele ya watu wote wanaomwamkia, hakunyanyua mkono kukirudisha kilicho chake.

"Huyu nitamzika mimi," Mahona akasema akimwonyesha kwa kidole, "na nikitangulia mimi, atanizika yeye. Ndio utani, Bwana."

Kila mtu alicheka isipokuwa watu wawili. Bwana Sarufi alikuwa bado amechuchumaa mbele yangu, uso umeiva wekundu. Akaniuliza, chini kwa chini, "Bado unaogopa?" Nikasema ndiyo. Akainua kichwa, akawaambia, "Mwambieni basi mtoto huyu ukweli."

Wasomi wengi nimewabeba kwenye malori yangu, na wengi nimewacheka. Yule simcheki. Sarufi yake ilimponza, lakini pale Kwa Wasomi ni yeye peke yake aliyeiona hofu yangu akaiita hofu.

Baba alinitazama. Nadhani alitaka kusema. Mahona akamwahi.

"Bei ni bei. Nilitoa, alipokea."

Na baba akacheka. Sikuwahi kumsikia hivyo, kicheko kikubwa, cha tumboni, shati la drili likapasuka kwapani. Akaninong'oneza: "Ukitaka kujikomboa, tafuta hela yako mwenyewe."

Alikuwa anatania. Lakini maneno yale sikuyapokea kwa utani. Fyekeo halikupatikana, liko mtoni mpaka leo, na mie kesho yake nilianza kubebea wapishi maji kwa senti mbili mbili. Watu huniuliza, Athumani, wewe hukurithi shamba, hukusoma, ulipata wapi moyo wa kutafuta? Nawajibu ni kichwa changu tu. Kweli ni kwamba nilianza kutafuta ili nijikomboe. Siku shilingi saba na sumuni zilipotimia nilikuwa kijana, nimekwisha kujua utani ni nini, Mahona mwenyewe ananilia chakula changu kila akipita. Sikumpelekea. Nilinunulia gurudumu la mkokoteni.

Sasa turudi makaburini. Nyasi zile zilikuwa zimefyekwa mviringo, safi, kuzunguka kaburi la baba. Nilipoweza kutembea, nikasogea. Nikachungulia ndani. Mzee Mahona alikuwa amelala humo, chali, mvi tupu, mikono kifuani, kofia ya kiua iliyochakaa kichwani, fyekeo ubavuni.

"Hazikwi mtu hapa," akasema.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, mali yangu. Nyasi zimeisha."

Watu wakaguna, wengine wakaanza kucheka na machozi yanawatoka. Mie nilijua la kufanya. Mtani hutolewa kaburini kwa hela, na hela ninazo. Nilitoa noti, nyekundu, nyingi, nikamnyooshea. Hakuzitazama.

"Sitaki zawadi. Nataka nilichotoa. Mzigua kala hela yangu, mtoto hakunipa, sasa anataka kukimbilia chini."

Nikatoa noti ya shilingi kumi. "Chenji sina," akasema, "na hiyo siyo bei." Jeneza liko juani, shehe anatazama saa, na mimi, mwenye malori matatu, napapasa mifuko ya kanzu natafuta sumuni, senti hamsini tu. Hela za chuma nani anatembea nazo? Shilingi zilichangwa na majirani. Sumuni ilitoka kwa utingo wangu, kijana ninayemlipa mimi mshahara, akaitoa ndani ya soksi.

Nilishuka mwenyewe. Nikazihesabu kwenye kiganja chake, moja moja. Aliziangalia, kisha akakifunga kile kiganja.

"Basi," akasema. "Huyu sasa ni huru. Mleteni mwizi wangu nimlaze."

Nikamnyanyua kwa makwapa, akapanda juu, na ni yeye aliyempokea baba kutoka upande wa kichwa. Sanda, turubai, ng'ombe, mchele wa siku tatu, vyote nililipa, na ukiniuliza vilinigharimu kiasi gani nitakuambia sikumbuki, sikuangalia. Bei yangu mimi naikumbuka. Shilingi saba na sumuni.